Mkono wa Mzee Lipoe

Baba yangu hakuitwa kwa jina lake. Mtaani kwetu, kuanzia muuza mkaa mpaka daktari wa meno, wote walimwita Mzee Lipoe, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeingiza gari uani kwetu likitoa mvuke. "Zima. Shuka. Lipoe." Mtu angeweza kuwa na kesi mahakamani au mkwe anayemsubiri kituoni, jibu lilikuwa hilohilo.

Alikuwa fundi wa rejeta, kile chombo cha kupoza maji ya injini. Hakuwa na gereji wala kibao. Alikuwa na ua wenye sakafu ya saruji iliyomwagwa sawasawa, bomba la maji, mawe mawili ya kuzuia magurudumu, na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa jiko letu. Kazi yake ilikuwa kuosha rejeta: kumwaga maji ya zamani yenye kutu, kuisuuza ndani mpaka maji yatoke safi, kisha kusugua mapezi yake membamba ya bati kwa brashi laini huku akiyasukuma maji kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utokee ulikoingilia. Hakuifanya kazi hiyo siri. Wateja wengi aliwafundisha hadi wakaacha kuwa wateja.

"Hata wewe unaweza kuiosha nyumbani kwako," aliwaambia. "Unahitaji beseni na subira. Beseni nitakuazima."

Mambo mengine aliyasema kwa mzaha, lakini kuhusu maji ya kijani ya rejeta, yale mafundi huyaita kulanti, hakuwa na mzaha. Yana utamu, na ni sumu. Paka akiyalamba hafiki kesho, na mtoto mdogo naye hajui tofauti yake na juisi. Kwa hiyo beseni halikuachwa wazi hata kidogo, na maji yale hayakumwagwa mtaroni. Yaliingia kwenye dumu lenye msalaba mwekundu, na dumu likafungiwa stoo. Mama alikuwa na ufunguo wa stoo hiyo shingoni kama mkufu.

Ila kilichompa baba sifa ni mkono wake. Gari likishazimwa na kuachwa, alilisogelea baada ya muda, akaweka mgongo wa mkono wa kulia juu ya boneti, kisha kwenye mpira wa juu unaoingia kwenye rejeta, kisha juu ya mfuniko wenyewe. Alifumba macho. Halafu akasema moja kati ya mambo mawili: "Limelala," au, "Linajifanya." Maana gari, alisema, hujifanya limelala kama mtoto aliyesikia hatua za mzazi. Nje limenyamaza, ndani linachemka, na ukilifungua mfuniko linakurukia usoni.

Alipotamka "Limelala," watu waliinama juu ya injini bila wasiwasi, kama vile wamesomewa dua.

Benchi lile lilikuwa la kusubiria. Watu waliokaa pale walikuwa na haraka zao, na kwa kuwa haraka haikuwasaidia, waliishia kuzungumza. Nimesikia mengi kwenye dirisha la jiko: ndoa zikilalamikiwa, mabosi wakiigizwa, mbio za ujana zikiongezwa chumvi. Aliyekaa mara nyingi kuliko wote alikuwa dereva wa teksi tuliyemwita Honi, rafiki wa baba tangu ujana. Hakuweza kunong'ona hata msibani.

"Mzee Lipoe," Honi alikuwa akisema, "wewe hata chai ya leo unainywa kesho."

"Na wewe unaimeza na kijiko chake."

"Shemeji! Hivi huyu alikuchumbiaje, na mwendo wake huu?"

Mama alijibu kutoka ndani. Alikuwa mwanamke wa hasira za karibu, mwenye ulimi mkali na moyo laini. "Alinikuta nachemka," alisema. "Akakaa pembeni akasubiri. Mpaka leo anasubiri."

Halafu ndipo chai ilipotoka. Mama aliileta kwenye sinia, akipita katika uwazi mwembamba kati ya ukuta na gari, na hakuileta hata siku moja kabla ya wakati wake. Wateja wa zamani walijua kwamba chai ikishanyweka, mkono wa Mzee uko njiani. Nilikua nikiuona mpangilio huo kama ninavyoona jua na kivuli. Sikujiuliza mama alijuaje muda.

Mama aliugua moyo, akalazwa. Mimi ni mtoto wao wa pekee, na tulipokezana kukaa naye wodini, baba na mimi. Alasiri moja nilikuwa nimeshuka kununua maji ya kunywa. Niliporudi nilimkuta baba amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameushika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, anamsimulia jambo kwa sauti ya chini. Nesi alikuwa anapita na vipimo vyake. Akasimama. Alimtazama mama usoni, akamgusa shingoni, akauliza taratibu, "Mzee, mama ametulia hivi tangu lini?"

"Amelala," baba alisema. "Usimwamshe. Mkono wake una moto mzuri."

Nesi alinitazama mimi. Niliweka chupa ya maji chini, nikaupokea mkono ule kutoka mikononi mwa baba. Ulikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

Nesi akavuta pazia la kitanda. Siku za msiba, kila aliyekuja kutupa pole baba alimweleza sentensi ileile: "Aliondokea mkononi mwangu, akiwa na joto lake. Hakufa peke yake." Wanawake walilia waliposikia, wanaume wakatikisa vichwa. Sentensi hiyo ilimsimamisha. Niliona jinsi alivyoishika, kama mtu anayepanda ngazi gizani na mkono wake umekamata ukuta. Mfiwa hasahihishwi. Nilidhani uchungu ndio uliomchanganya, nikaacha.

Baada ya msiba alirudi uani. Mimi naishi upande wa pili wa mji, nikawa nakuja siku za mapumziko kumfulia na kupika cha kumtosha. Niliona vitu vidogo. Alishika sufuria bila kitambaa. Alishika kikombe cha chai iliyotoka jikoni sasa hivi, akakizungusha viganjani huku akitazama lango, wakati mimi nilikuwa nimekishika kwa ncha za vidole na bado nikakikimbiza mezani. Nikamwambia, "Baba, utaungua." Akasema, "Mikono ya fundi hii, mwanangu. Ina sugu." Nikacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akijisifu.

Chai ya benchini ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeamua iishe. Aliyekuwa akiipeleka hakuwepo, basi. Wateja walikaa mikono mitupu, na bila chai kusubiri kukawa kurefu. Baba naye akawa anakwenda garini mapema zaidi.

Siku hiyo Honi aliingiza teksi yake inafuka. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi, nasikia kila kitu, ingawa kwa Honi hata dirisha lililofungwa halisaidii.

"Zima. Shuka. Lipoe."

"Nimeshazima, Mzee. Nimeshuka. Nikae mkao gani sasa?"

Walikaa. Waliongea kuhusu goti la Honi na mwanasiasa mmoja wa redioni. Kisha wakanyamaza, na kunyamaza na Honi si jambo la kawaida. Pengo lile lilikuwa la chai. Baba aliinuka, akaweka mgongo wa mkono juu ya boneti. Akainua boneti, akagusa mpira wa juu. Akagusa mfuniko. Akafumba macho.

"Limelala," alisema.

Honi akainama kutazama, kama alivyoinama miaka yote. Baba akaweka kitambaa kinene juu ya mfuniko, akaugandamiza na kuuzungusha kidogo, akasimama pale pa kusikiliza kama hewa inatoka.

Haikutoka kama hewa. Ilitoka kama ng'ombe aliyevunja zizi. Mfuniko uliruka, nguzo ya maji na mvuke ikapanda, ikamkuta Honi shingoni na kifuani, ikamwagikia mkono wa baba. Honi alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nilitoka mbio. Na nilichokiona sikuweza kukielewa: baba alikuwa bado amesimama palepale, mkono wake uko ndani ya maji yale yanayobubujika, hakuutoa. Hakulia. Alikuwa anamtazama Honi kwa mshangao, kama mtu anayeshangaa mwenzake analia nini. Honi, aliyekuwa ameungua, ndiye aliyemvuta pembeni.

Niliwaweka wote wawili chini ya bomba, maji ya baridi yakatiririka juu yao muda mrefu, kama baba mwenyewe alivyonifundisha: si mafuta, si dawa ya meno, ni maji tu, na usiharakishe. Ngozi ya mkono wa baba ilikuwa inabadilika rangi mbele ya macho yetu. Aliitazama kwa makini.

"Hauumi," alisema.

Zahanatini, daktari alimfunga baba bendeji, kisha akamwambia afumbe macho. Alimgusa vidole vya mkono mwingine kwa ncha ya sindano.

"Unasikia, Mzee?"

"Nasikia nini?"

Akapanda kiganjani. Akapanda kifundoni. Akafika karibu na kiwiko ndipo baba akashtuka. Sukari, daktari alisema baada ya kupima. Kisukari ambacho hakikutibiwa hula mishipa ya fahamu polepole, mara nyingi kuanzia miguuni, na baba alipovua viatu tukaona kidonda cha unyayoni ambacho hakukijua. Niliuliza mikono ilianza lini. Daktari alisema hawezi kutaja siku. Si jana, alisema. Pengine miaka.

Baba alikaa kitandani amefumba macho, ingawa hakuna aliyekuwa anamgusa tena.

Honi alikuja kututembelea alipoweza kugeuza shingo. Alikuwa amefungwa bendeji kifuani mpaka chini ya kidevu, anatembea mzima mzima kama kabati linalohamishwa.

"Mzee Lipoe! Umeniosha vizuri. Ila ungetia sabuni kidogo."

Baba hakucheka. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini? Rejeta ni yangu, shingo ni yangu, na aliyeinamia ni mimi."

"Nilisema limelala."

Honi alijikuna mahali ambapo bendeji iliishia. Akajaribu kushusha sauti yake, na ikashuka kidogo. "Nimekuwa nikifikiri, Mzee. Nimelala chali siku zote hizo, mtu atafanya nini zaidi ya kufikiri. Unakumbuka shemeji alivyokuwa anapita na sinia? Alikuwa analegeza mwendo pale kwenye gari. Analiweka sinia kwenye mkono mmoja, na huu mwingine anaupitisha juu ya boneti, halafu pale mbele penye rejeta. Mimi nilidhani anajishikiza asianguke. Akiona bado, anaanza kunichokoza, mara nimenenepa, mara mke wangu ananionea. Maneno hayaishi, na wewe huinuki kwa sababu unacheka. Akinyamaza tu, ndipo unainuka."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliyaona yote kama yanatokea upya: sinia, mkono mtupu, boneti.

"Alikuwa anajua," Honi alisema. "Alikuwa anakushikia, Mzee."

Nadhani alikusudia kumfariji. Baba aliinama, akaitazama mikono yake miwili, mmoja wenye bendeji na mwingine mzima, yote kwake ikiwa sawa. Alikaa hivyo mpaka Honi akaaga.

Kesho yake benchi liligeuzwa, likawa limetazama ukuta. Mteja akija langoni alimwelekeza kwa fundi mwingine. Na ile sentensi kuhusu mama aliacha kuisema. Jirani mmoja aliyekuwa safarini wakati wa msiba alikuja kutoa pole, akasubiri aelezwe kama wengine walivyoelezwa. Baba alisema tu, "Alifariki hospitali," akaomba radhi, akaingia chumbani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anaomboleza kazi. Kama mkono uliosema gari limelala ulisema uongo, basi na ule uliosema mkono wa mama una moto mzuri, nao ulisema nini? Alikuwa akiishi juu ya neno la mkono huo, na sasa aliogopa kuuliza. Alipungua mwili. Vidonge vyake alivimeza nikimsimamia, chakula alikisogeza tu pembeni mwa sahani.

Kisha gari langu likaanza kupandisha joto. Ningeweza kulipeleka popote. Nililipeleka uani.

"Mpelekee fundi," baba alisema akiwa mlangoni.

"Nitaosha mwenyewe. Ulisema hata mimi naweza."

Akarudi ndani. Nilizima, nikashuka, nikaweka mawe kwenye magurudumu. Niligeuza benchi. Nikachukua beseni. Nilipoanza kushughulika na boneti, nilisikia kiti kikisogezwa ndani, na hatua zake zikaja.

"Toa waya wa betri kwanza," alisema nyuma yangu. "Feni za siku hizi hujiwasha hata gari limezimwa. Hazijui kidole ni nini."

Nikatoa.

"Miwani iko wapi? Na glavu?"

Nikavaa vya kwake, glavu na miwani iliyokwaruzwa mpaka dunia ikaonekana kama ina ukungu.

"Sasa lipoe."

Akakaa benchini. Nami niliingia jikoni nikabandika chai, chai yake isiyo na sukari. Nilikaa kando ya jiko mpaka nikahisi umefika wakati wa kutoka. Nilipita katika uwazi ule mwembamba, sinia kwenye mkono mmoja. Nilivua glavu ya mkono mwingine kwa meno, nikaupitisha juu ya boneti, kisha chini yake, kwenye mpira. Sikupanga kufanya hivyo mbele yake. Nilipogeuka alikuwa ananitazama.

"Linasemaje?"

"Lina joto bado."

"Joto kama nini?"

Nikafikiri. "Kama paji la mtoto mwenye homa."

"Basi bado. Kaa."

Nikakaa. Tulikunywa chai, kikombe chake nimekijaza nusu na kukipooza kwanza. Upepo ulipeperusha kanga zilizoanikwa kambani, kanga za mama ambazo nilizifua kila wiki bila sababu.

"Ulipoupokea mkono wake," baba alisema, "pale wodini."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Ulikuwaje?"

Nilijua alichoomba. Nilijua pia neno alilotaka, na lilikuwa ulimini, jepesi, na hakuna shahidi ambaye angenipinga. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile. Kwenye benchi lile husemi limelala kama halijalala, na husemi lina moto kama limepoa, hata kama anayeuliza anataka sana kulifungua.

"Ulikuwa umepoa, baba."

"Kama nini?"

"Kama bomba asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayepokea mzigo na kuupanga begani.

"Kwa hiyo hakuwa amelala."

"Hapana."

"Nilikuwa naongea na nani?"

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa namsimulia habari za Honi na goti lake," alisema. "Nilifika pale anapocheka siku zote. Nikanyamaza kidogo ili acheke. Nikaona amependa kupumzika." Sauti ilimkatika. "Pengine alisikia mwanzo wake. Sijui alisikia mpaka wapi."

Alilia, baba yangu, kwa mara ya kwanza tangu azikwe mama. Alilia bila kuficha uso, na mimi nililia pembeni yake. Sikumwambia anyamaze.

Alipomaliza, alinyoosha kidevu kuelekea gari. "Na sasa?"

Niliinuka. Nikagusa boneti, nikagusa mpira, nikagusa mfuniko kwa mgongo wa mkono. Sikuridhika. Nikarudia.

"Kama nini?"

"Kama kikombe hiki nilichokisahau."

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika. Limelala, baba."

"Weka kitambaa. Gandamiza, zungusha kidogo, usimame usikilize. Uso wako uwe mbali, kwa sababu hata aliyelala huota."

Palikuwa kimya. Nikaondoa mfuniko. Kisha nikalala chini, nikalegeza nati ya kumwagia, na maji yakaanza kushuka kwenye beseni, si ya kijani tena, ni ya rangi ya matofali, yenye vipande vya kutu. Baba aliniambia nilete bati la kufunikia likae karibu, paka wa jirani yuko ukutani. Nikalileta. Nikarudi kukaa kando yake tukisubiri yaishe kutoka, maana hayo nayo hayaharakishwi.

Niliuchukua mkono wake wenye makovu mapya, nikauweka kati ya mikono yangu. Ulikuwa na joto. Aliendelea kutazama beseni.

"Umenishika?" aliuliza baadaye.

"Nimekushika."